R ya Pili

Alama ya Windows ilijitokeza kwa mara ya tisa. Kimstari cha buluu kikakimbia kutoka kushoto kwenda kulia mara tatu, kioo kikawa cheusi, na kompyuta ikaanza upya kana kwamba haijawahi kuwashwa maishani mwake.

"Kaidi kweli hii," alisema fundi Athanas.

Alikuwa amechuchumaa sakafuni kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya Severin, pale Bigwa, bisibisi sikioni, boksi la kompyuta limefunuliwa mbele yake kama kuku anayetolewa matumbo. Ndani lilikuwamo mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vyote, nalo jipya. Jipya kwa maana ya kwamba lilitoka Dar es Salaam jana yake kwa shilingi elfu sitini. Vinginevyo lilikuwa limeshatumika Ulaya, likachoka, likaletwa huku pamoja na mashati na mafriji. Lile la zamani liliungua Jumamosi, umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Yustina alisikia tu "pap!" na harufu ya plastiki.

Yustina, mke wa Severin, alikuwa amekaa kwenye stuli mikono mapajani. Kompyuta ile ndiyo ofisi yake. Nje ya dirisha kuna kibao kinachosema anachapa barua, mialiko na ripoti, na wanafunzi wa chuo cha Mazimbu wanakijua. Yeye na mumewe walipunguzwa kazi siku moja, kiwanda chao cha nguo kilipouzwa: yeye mpiga chapa wa miaka kumi na minne, Severin fundi wa mitambo ya kufuma. Mafao ya mume yakanunua kompyuta. Mafao ya mke yalikwisha bila mtu kujua yalikokwenda, na hapo ndipo panapoanzia magomvi yao yote.

"Sasa fundi, si umesema ukibadilisha hicho kidude itapona?" Severin aliuliza.

"Mashine imepona. Feni si inazunguka? Tatizo Windows. Hii Windows ilizaliwa na maza lile lililoungua. Njia zote inazozijua ni za maza lile. Hili halijui. Inaamka, inapapasa, haioni diski yake, inajizima."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunaipiga chini, tunaweka Windows nyingine. Dakika arobaini mambo yamekwisha."

"Na vilivyomo?" Yustina akauliza.

Athanas akajikuna shingo. Ni mtu mwema, alianza na redio kabla ya kompyuta kuja, ila ana ugonjwa mmoja wa mafundi: hapendi kusema neno baya mwanzoni.

"Vilivyomo vinakwenda, mama Witness."

Yustina akasimama. "Hakipigwi kitu chini humu ndani."

"Mke wangu..."

"Baba Witness, nimesema. Maneno ya mama yangu yamo humo."

Severin akahesabu siku kwa vidole. Alhamisi ilikuwa imebaki siku tatu, na Alhamisi ndiyo siku ya baraza.

*

Mambo yenyewe ni haya. Kule juu mlimani kuna shamba la migomba na mdalasini ambalo marehemu Theresia, mama yake Yustina, alililima maisha yake yote. Sasa hivi analilima Anastasia, mdogo wake Yustina, mjane mwenye watoto wanne. Theresia alifariki mwezi wa tatu. Hata kaburi halijakauka, kaka wa marehemu, Mzee Kondo, akaenda baraza la kata na neno moja: Theresia hakuwa dada yake wa tumbo. Aliokotwa. Na kwa Waluguru ardhi inakwenda kwa lukolo, ukoo wa mama. Asiye wa tumbo lile hana chake, na watoto wake hawana chao. Anastasia aondoke.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa amesema wazi: anayedai kwamba marehemu aliingizwa kwenye lukolo kihalali alete majina ya watu waliokuwapo, kama wapo walio hai, waitwe waseme. Bila hivyo kesi inafungwa Alhamisi.

Yustina aliamini Theresia aliyataja majina hayo. Mwezi wa kwanza alishuka mjini kutibiwa, akakaa kwenye stuli hiyo hiyo alasiri mbili, akamwambia mwanawe, "Nina maneno yangu. Yaweke kwenye hiyo mashine yako." Mama akasema, binti akapiga.

Mtu atauliza: kama alipiga mwenyewe, anashindwaje kukumbuka? Anayeuliza hivyo hajawahi kuwa mpiga chapa. Mpiga chapa mzuri hasomi. Maneno yanaingia masikioni yanatokea vidoleni, kichwani hayapiti. Miaka kumi na minne Yustina alichapa barua za Kiingereza za wakubwa bila kosa hata moja, na asijue zinasema nini. Barua ya kumwachisha kazi aliichapa yeye mwenyewe, nakala mia mbili na kumi. Akajua habari zake alipokuta jina lake kwenye orodha. Siku zile mbili na mama yake wateja walikuwa wanaingia na kutoka, vidole vinakwenda, na alichokumbuka kilikuwa vipande: mto, mtungi, mwaka wa njaa. Wino wa printa ulikuwa umekwisha. "Tutaitoa Pasaka ukija, uweke na dole gumba," alimwambia mama. Mama hakuiona Pasaka. Baada ya hapo kila Yustina alipoliona lile faili alilipita bila kulifungua.

Sasa lilikuwa ndani ya chuma, na chuma kinamgomea.

*

Jumanne Yustina aliivingirisha diski kwenye khanga, akaenda nayo mjini. Athanas mwenyewe ndiye aliyemshauri: ikitundikwa kwenye kompyuta nyingine, faili linaweza kuchotwa. Yeye hakuwa na nyingine. Aliyokuwa nayo ilikuwa ya mteja, nayo imelala vipande vipande.

Kwenye duka moja la kompyuta kulikuwa na kiyoyozi na msichana mwenye kucha ndefu. Yustina akasalimia, akafungua khanga juu ya kaunta ya kioo.

"Hii ni nini?" msichana akauliza.

"Diski, mwanangu. Nataka mnitundikie kwenye mashine yenu dakika tano tu, kuna faili langu..."

"Hatutundiki diski za mitaani. Zina virusi."

"Yangu haina. Mimi nachapa tu."

"Mama, wote wanasema hivyo." Akaisukuma diski kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayesukuma mende. "Kwani hukufanya bakapu?"

Yustina hakujua bakapu ni kitu gani. Akajibu, "Nilifanya, lakini iliungua." Kijana mmoja aliyekuwa anasubiri risiti akacheka kwa pua.

Yustina akafunga khanga yake. Alitoka pale masikio yanamuwaka moto, akasimama juani, akajiapiza kwamba hatakufa kabla ya kujua bakapu ni nini. Duka la pili lilikuwa limefungwa. La tatu walimwambia arudi wiki ijayo.

Alipofika nyumbani alimkuta Anastasia ameshuka kutoka mlimani, mkungu wa ndizi mlangoni, vumbi mpaka magotini.

"Dada, shikamoo. Umeyapata?"

"Marahaba. Bado."

Anastasia akaliangalia boksi lililo wazi. Alikuwa haijui kompyuta hata kidogo, lakini alikuwa na macho ya mtu anayetaka kujua kila kitu kinavyofanya kazi. Redio yao ya mlimani aliifungua yeye, akaifunga yeye, ikaimba.

"Imekuwaje?"

"Wameibadilishia maza. Maza ndiyo mama. Sasa haimtaki."

"Ha! Na hii nayo?" Anastasia akacheka mpaka akakaa chini, na Yustina, ambaye hakuwa na hamu ya kucheka, akacheka naye. "Mama yetu alibadilishiwa, mbona alizoea?"

"Alizoezwa. Hakuna anayezoea peke yake."

Yustina aliposema hivyo aliinuka, akaenda kumwita Athanas.

*

"Nieleze vizuri," alimwambia fundi Jumatano asubuhi. "Windows haijui njia za mazabodi jipya. Sawa. Je, hakuna namna ya kuitambulisha? Kuionyesha tu: hili hapa ndilo maza lako sasa, njia ni hizi?"

"Kuna kitu wanakiita ripea, yaani kutengeneza. Nilishajaribu. Ni uongo mtupu."

"Jaribu tena, nione."

Athanas akapumua kwa nguvu, akaingiza sidii ya Windows. Kioo kikawa cha buluu, maandishi meupe yakajaa. Kabla Yustina hajasoma hata mstari, fundi akabonyeza R. Kioo kikawa cheusi, kijimstari kimoja kinapepesa pembeni.

"Umeona? Hapo ndipo inapoishia. Inasubiri uandike sijui nini."

"Mbona umebonyeza haraka hivyo?"

"Ripea si R?"

"Umesoma kilichoandikwa?"

Fundi akacheka. "Mama Witness, haya mambo hayasomwi. Ni Enta, F nane, Eskepu, D, L. Nimeweka Windows mia mbili kwa mtindo huo."

Na kweli aliweka. Alifundishwa na mtu, naye mtu huyo alifundishwa na mwingine, na kote huko hakuna aliyesoma maandishi yale ya Kiingereza. Vilikuwa ni vitufe vitano vya kukariri, kama mtoto anavyokariri sala.

Yustina alimtazama, na hapo akajiona mwenyewe: miaka kumi na minne, barua mia mbili na kumi.

"Anza upya," alisema. "Na safari hii usiguse kitu mpaka niseme."

Akaenda chumbani akatoa kamusi ya Witness, bintiye aliyekuwa bwenini. Akavuta stuli, akavaa miwani. Kioo cha buluu kilipokuja akasoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikichezacheza. Severin alikuja akasimama mlangoni. Anastasia alikaa sakafuni na ndizi yake haijamenywa.

"Hapa kuna njia tatu," Yustina akasema baada ya muda mrefu. "Enta ni kuweka Windows. R ni kutengeneza kwa kutumia... *console*." Akapekua kamusi. "Hili neno silielewi, lakini ndicho kile kioo cheusi chako. F tatu ni kutoka."

"Basi ndiyo hivyo, ripea ndiyo hiyo."

"Ndiyo hiyo kwa ukurasa huu. Ukurasa wa pili unasemaje?"

"Wa pili ni mkataba. F nane."

"Na wa tatu?"

Athanas akahesabu vitufe vyake kwa vidole. "Wa tatu ni Eskepu," alisema taratibu. "Sijui unasemaje."

"Bonyeza Enta."

Akabonyeza. Mkataba ukaja, F nane, ukapita. Ukaja ukurasa wa tatu, na kidole cha Athanas, kwa mazoea yake ya mara mia mbili, kikaruka chenyewe kwenda pembeni kule iliko Eskepu.

"Mkono huo!" Yustina alimdaka kifundo. Wote wakashtuka. Severin akaita jina la Bikira Maria.

"Samahani, mama Witness. Umekwenda wenyewe."

"Kaa mbali na kibodi. Kaa kule!"

Athanas, fundi mzima, mwenye leseni na mke, akaenda kukaa kando ya mkungu wa ndizi. Yustina akasoma. Kamusi ilifunguliwa mara sita. Jasho lilimtoka puani.

"Inasema hivi. Imeona Windows iliyomo humu, imeharibika. Inaweza kujaribu kuitengeneza. Kuitengeneza hii hii, bonyeza R." Akashusha kidole mstari wa chini. "Kuweka mpya bila kuitengeneza, bonyeza Eskepu."

"R nyingine?" Athanas akauliza kutoka kwenye ndizi.

"R nyingine."

"Kumbe kuna R mbili!" Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Loo! Watu wangapi nimewafutia picha za harusi mimi!"

Yustina alibonyeza R ya pili.

Mashine ilikoroma, ikaanza kunakili mafaili yake. Dakika thelathini na tisa, iliandika. Hakuna aliyeondoka. Wasiwasi wao sasa ulikuwa umeme. Severin alikuwa anaitazama balbu ya sebuleni kama askari anayelinda mfungwa, na ilipofifia kidogo kwa sababu ya mashine ya kusaga ya jirani, alikimbia nje bila viatu kwenda kumwomba jirani asimamishe unga wake. Jirani alikataa. Severin akampa nusu ya mkungu, naye akakubali.

Katikati ya safari kompyuta ikauliza tarehe. Betri ya mazabodi lile la Ulaya ilikuwa imekufa, na kwa hesabu zake leo ilikuwa tarehe mosi Januari, mwaka 2002. Yustina aliitazama tarehe ile. Mwaka jana, mwezi wa kwanza. Mama yuko mlimani, anapalilia, mguu ndio umeanza tu kumuuma. Alitamani kuiacha ilivyo, kompyuta moja duniani iendelee kuamini hivyo.

"Dada, tarehe ya leo ni ngapi?" Anastasia akamuuliza kwa upole.

Yustina akaiandika.

Kisha kukaja muziki. Ule muziki mfupi wa Windows inapoamka, ambao huwa hakuna anayeusikiliza. Siku ile Athanas aliupigia makofi. Kwenye kioo palikuwa na kila kitu, mpaka mwaliko wa harusi wa wiki iliyopita ambao haujalipiwa. Na pembeni, faili lenye jina MAMA.

Yustina alilifungua, na kwa mara ya kwanza akayasoma maneno aliyoyapiga kwa vidole vyake mwenyewe.

"Soma kwa sauti," Severin alisema.

Alianza kwa sauti, akafika mahali ikamgomea. Anastasia akainuka, akasoma yeye, polepole kama mtu aliyeishia darasa la saba:

"Nilikuwa bado sijatembea vizuri. Aliyenizaa alifia njiani mwaka wa njaa, tukitoka upande wa Ngerengere. Mtoto mmoja mwanamume alikuja mtoni kuchota maji. Aliuacha mtungi, akanibeba mimi. Alipofika nyumbani mama yake alimchapa kwa sababu ya mtungi, halafu akaniosha, akaninyonyesha pamoja na wake. Watu waliokuja kushuhudia siku ile wote wamekufa. Amebaki yule mtoto tu. Alisema, mama, nimeleta dada. Jina lake Kondo."

Athanas, ambaye hakujua Kondo ni nani, akauliza kwa sauti ya chini kama huyo mzee yuko hai, ili aitwe.

"Yuko hai," Anastasia akamjibu. "Ndiye anayetushitaki."

*

Alhamisi Yustina na Anastasia walipanda mlima tangu alfajiri, karatasi ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni. Athanas aliichapisha kwa wino wa kujazia kwa sindano, na hakutaka malipo. Alisema ameshalipwa kwa R. Yustina alikuwa pia na nakala ya faili lake kwenye flopi mbili, moja kwenye pochi na moja kifuani. Hiyo ndiyo bakapu. Alikuwa ameuliza.

Baraza lilikaa kwenye chumba cha ofisi ya kata. Mzee Kondo alikuwa ameshafika, mkongojo katikati ya miguu, koti la suti juu ya msuli. Ni mjomba, hata akitaka kukufukuza unamsalimia kwanza.

"Shikamoo, mjomba," walisema wote wawili.

"Marahaba," akajibu akiangalia ukutani.

Alipopewa nafasi alirudia lile lile lake. Theresia aliokotwa. Hajui nani alimwokota, hajui nani alimkaribisha, yeye alikuwa mdogo. Tumbo ni tumbo. Alikuwa ana wajukuu wasio na pa kulima, na hilo nalo lilikuwa kweli, hakuna aliyelikataa.

Mwenyekiti akamgeukia Yustina. "Umeleta majina?"

"Nimeleta moja, mheshimiwa."

Akampa katibu karatasi. Yustina alikuwa amejiandaa kupigana. Usiku kucha alikuwa amepanga maneno ya kumvua nguo yule mzee mbele za watu, maneno makali, mengine ya matusi. Lakini katibu alipoanza kusoma, maneno hayo yalimtoka kichwani, akabaki anamwangalia tu mjomba wake.

Katibu alisoma bila haraka. Mto. Mwaka wa njaa. Mtungi. Katibu alipofika kwenye mtungi, mkongojo wa mzee uliteleza sakafuni, naye asiuokote. Katibu akamaliza: mama, nimeleta dada, jina lake Kondo. Akaigeuza karatasi kuangalia kama upande wa pili kuna kitu. Hakukuwa na kitu.

Mpinzani mwingine angeweza kusema karatasi haina dole gumba la marehemu. Ingekuwa kweli, na kesi ingekwisha pale pale. Yustina alikuwa analijua hilo, na lilikuwa limemnyima usingizi.

"Mzee Kondo," mwenyekiti akasema, "huyu Kondo aliyeandikwa hapa unamfahamu?"

Mzee aliinua mkono akajishika bega, nyuma karibu na shingo, mahali ambapo mtoto anayebebwa mgongoni huegemeza kidevu.

"Alikuwa mzito," alisema.

"Nani, mzee?"

"Theresia." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Toka mtoni mpaka nyumbani ni mlima mtupu. Nilimtua mara tatu. Kila nikimtua ananishika kidole, hataki kuachia. Mtungi wenyewe wala haukupotea. Niliurudia kesho yake."

Katibu aliuliza kama hayo nayo ayaandike.

"Andika," alisema Mzee Kondo. "Andika, halafu unisomee nisikie kama umeandika vizuri."